Kufuli la Vibati Vitano

Mwezi wa sita wa 1997, kama ungeshuka kutoka soko la Kamembe ukauliza nyumba ya Gasana, wangekujibu kwa swali: "Gasana yupi, yule wa makadena?" Kazi yake ilikuwa kuuza mabati na misumari, kazi aliyoianza Bukavu akiwa kijana asiye na kitu, lakini jina alilipata kwenye hayo makadena, yaani makufuli. Alikuwa nayo thelathini na kitu, yametundikwa kwenye waya ukutani, makuukuu yote: ya misheni, ya mabohari ya kahawa, ya masanduku ya askari wa wakati wa Wabelgiji. Hakuuza hata moja. Kwa mtu ambaye angeuza kivuli cha paa lake kama angepata mnunuzi, hilo liliwashangaza watu, na mkewe Laurence kuliko wote.

Mengi yalikuwa ya kuta, yaani ndani mna kuta ndogo za chuma zinazozuia ufunguo wowote usio na mapengo yanayolingana nazo. Hayo Gasana aliyadharau. Alikuwa na ufunguo mmoja aliousaga kwa tupa mpaka ukabaki shingo na ncha, ukapenya kati ya kuta kama panya chini ya mlango. Kufuli la vibati ni habari nyingine. Humo vimepangwa vibati vyenye springi, na kila kimoja lazima kiinuliwe kimo chake, si zaidi wala si pungufu. Ukikosea kimoja, anza upya.

Moja la namna hiyo, la shaba, zito kama jiwe la mizani, lilikuwa limemshinda miaka mitatu. Aliliokota kwenye majani nyuma ya jiko mwaka 1994, wiki ile yeye na Laurence walipovuka daraja la Rusizi ya Pili kutoka Bukavu wakaingia katika nyumba hii. Lilikuwa limefungwa, na bado limeshika tumbuu, ile pete ya mlango, pamoja na kibanzi cha mbao ya kijani. Mlangoni palikuwa na kufuli jingine, la kuta, jepesi. Siku zile ndivyo ilivyokuwa: nyumba isiyo na watu, wenyewe wamekimbia vita, aliyetundika kadena lake ndiye aliyehesabiwa mwenyewe. Mtu fulani alikuwa ameng'oa la mwenye nyumba, akatundika la kwake, akaenda, asirudi. Gasana alilifungua kwa dakika moja, akatundika la tatu. Tangu hapo nyumba ilikuwa yake, ingawa kila mtu aliijua amri ya serikali: mwenye nyumba akirudi, aliyeingia atoke.

Asubuhi moja akaingia uani mwanamke mwembamba, kitenge kimechakaa, ufunguo shingoni kwa uzi.

"Papa Gasana njo wewe? Banasema unajua makadena."

"Ninajua. Unauza?"

"Siuzi. Niko natafuta nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Ya bwana yangu."

"Na yeye iko wapi?"

"Alibaki msituni, huko Walikale. Homa." Alisema hivyo bila kubadilisha sauti. Jina lake lilikuwa Mukandori. "Tulioana kambi ya wakimbizi, Papa. Mimi ni wa Gitambi, huku sijafika hata siku moja. Aliniachia hii fungulo, akasema nyumba iko Kamembe, chini ya soko. Jina lake nimetaja, banasema batu ba zamani balikimbia. Siku ya nne leo niko najaribu milango. Batu banacheka. Mumoja ameniambia niende nayo Kigali, kule milango ni mingi zaidi."

Laurence, aliyekuwa akichagua maharage kwenye ungo, alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Uniambie tu ni ya kadena gani," alisema Mukandori. "Nikijua sura yake, nitaitafuta kwa macho, niache kusumbua batu."

Hakuuvua uzi. Gasana akainama, akaushika ufunguo ukiwa bado shingoni kwake. Meno yake yalikatwa ngazi sita: moja ya kusukuma ulimi, tano za vibati. Katika hizo tano, ya tatu ndefu kuliko zote. Ya kwanza fupi, karibu haipo. Vidole vyake vilimjibu kabla ya akili. Miaka mitatu vilikuwa vikimwambia kwamba kibati cha tatu kinataka kuinuliwa juu sana, na cha kwanza hakitaki kuguswa.

Akausoma mara ya pili, akitumaini amehesabu vibaya. Yeye aliyezoea kumpima mteja kabla hajafungua mdomo, sasa hakujua nani hapa ni mteja.

"Ni ya kadena kubwa," alisema. "Ya shaba. Ya zamani. Siku hizi hazionekani."

"Aksanti, Papa."

Akaondoka, akaanza kupanda mteremko. Laurence hakuinua macho kwenye ungo.

"Umefanya vizuri. Sasa funga mdomo."

Gasana akafunga. Kama ufunguo ule si wenyewe, atakosa usingizi bure. Kama ndio, basi analala katika nyumba ya mtu. Angeweza kukaa na mojawapo. Kukaa na yote mawili kwa pamoja, bila kujua ni lipi, kulimshinda. Na kulikuwa na jambo jingine, la kipumbavu, ambalo asingemwambia mkewe: alitaka kuliona kufuli lile likifunguka.

"Maman!" akasikia sauti yake mwenyewe. "Maman wa fungulo! Rudi!"

"Umerogwa," alisema Laurence.

Mukandori aliporudi, Gasana akalitoa kufuli la shaba ndani, akaliweka kwenye kigoda. Mukandori akavua uzi shingoni, akatia ufunguo yeye mwenyewe, akauzungusha. Upinde ukaruka. Miaka mitatu ya waya, tupa na mafuta ya taa, na mwanamke huyu hata hakukunja uso. Kilichomjia Gasana kwanza kilikuwa wivu. Hofu ilifuata nyuma.

"Umeitoa wapi?" aliuliza Mukandori.

"Hapa. Nyuma ya jiko."

"Basi?"

"Basi nyumba ya bwana yako... pengine ni hii."

Mukandori hakulia wala hakushukuru. Alimtazama Gasana, akamtazama Laurence, akatazama paa.

"Papa, soko yote banasema wewe unafungua kila kadena. Nitajuaje hukuitengeneza ifunguke na fungulo yangu?"

"Niitengeneze juu ya nini? Nipoteze nyumba?"

"Njo hiyo nauliza! Muntu wa Kamembe ananigawia nyumba, mimi sijaomba. Iko na nini hii nyumba? Inavuja? Iko na kesi?"

"Haivuji! Mabati nilitia mimi mwenyewe, mapya, namba nzito!"

"Sikia anavyoisifu," alisema Laurence. "Mwongezee na mbuzi."

Maisha yake yote Gasana alikuwa amebishana ili apate. Kubishana ili apoteze hakuwahi kufundishwa, na hata hivyo hakuvumilia kuitwa mwongo juu ya kufuli. Akachukua kisu, akakwangua rangi kwenye fremu ya mlango. Chini ya rangi yake ya kahawia palikuwa na kijani, na katikati ya kijani, kovu lililozibwa. Akachokoa mpaka mbao ikaonekana. Mukandori akakichukua mwenyewe kile kibanzi cha kwenye tumbuu, akakijaribu hivi, akakigeuza, akakisukuma. Kikakaa.

Akauliza, kidole kikiwa pale pale:

"Mabati ni yako?"

"Ni yangu."

"Mlango?"

"Mlango... ni wa bwana yako."

"Kesho tutaenda kwa responsable, mukubwa wa mtaa, wote watatu. Utasema hivi hivi?"

"Nitasema," alisema Gasana, bila kujua kama ni kweli.

"Na sisi tutalala wapi?" aliuliza Laurence.

"Jana mulilala wapi?"

"Hapa."

"Basi."

Mukandori akaketi kizingitini, akafungua furushi lake, akaomba maji. Laurence akaleta bilauri. Kwao mgeni hapewi maji mlangoni. Hukaribishwa ndani kwanza. Akasimama na bilauri mkononi, akimtazama mumewe amwambie nani amkaribishe nani.