Miguu ya Mdogo Wangu Kwenye Vichanja vya Kahawa

Mimi darasa la pili sikumaliza. Shamba hili la kahawa hapa Igamba nimelifungua kwa jembe la mkono, sikubebwa na mtu. Kwa hiyo nasema bila kuficha: mdogo wangu nilikaribia kumuua mwenyewe.

Anaugua skizofrenia tangu ujana. Alipoanzishiwa sindano ya kila mwezi, sauti zilizokuwa zikimtukana zilinyamaza. Lakini miguu ikaanza. Hakai. Akiketi kula anainuka, akisimama anakanyaga palepale kama anaponda udongo wa tofali. Mdomo nao unatafuna hewa.

Mimi nikaona nguvu hiyo. Kahawa ilikuwa juani, vichanja sita, na isipogeuzwageuzwa inashika ukungu. Nikamkabidhi. Akavizunguka tangu asubuhi mpaka jua linazama. Wanawake waliokuwa wakichambua wakacheka.

"Baba, huyu umemnunua mpakani Nakonde kama pikipiki? Hana breki!"

Nikacheka nao. Tena nilijivuna. Wengine huwafungia wagonjwa wao ndani, wangu anafanya kazi!

Wiki ya tatu nikaona suruali yake imefungwa kwa kamba, mbavu zinahesabika.

"Wewe unakula?"

"Nakula, kaka. Ila ugali unakwama kooni."

"Mbona husemi?"

"Ulikuwa unafurahi."

Kesho yake nikampeleka hospitali Vwawa. Nesi alimpima, kisha akanigeukia mimi.

"Mzee, hii miguu si hamu ya kazi. Ni dawa inamsumbua, na koo pia. Wenye ugonjwa huu wengi wanaondoka mapema: moyo, sukari, kifua, wengine kupaliwa na chakula. Nyumbani wanaangaliwa kichwa tu, mwili unasahauliwa."

"Basi tuache sindano."

"Ukiacha kienyeji, sauti zinarudi. Daktari ataibadilisha taratibu."

Nikamuuliza ataishi miaka mingapi. Akasema hilo hawezi kunijibu, nimlete kila mwezi. Mimi, nisiyezoea kuambiwa la kufanya, nikaitikia ndiyo.

Tangu abadilishiwe dawa, miguu imetulia kiasi. Mdomo bado unatafuna, na daktari amesema huenda usitulie kabisa. Kahawa nageuza mwenyewe, mgongo ukiniuma. Mchana namchemshia uji mzito, namsagia maharage, nakaa mbele yake. Kila funda nalifuata kwa macho mpaka lipite, na mimi mwenyewe sasa situlii kwenye kigoda.

"Kaka, usinitazame hivyo. Sijafa."

"Meza kwanza, ndiyo uongee."