Bibi Harusi na Umeme wa Nyakabiga

Jumamosi nilikwenda saloni mtaani Nyakabiga kusukwa na, sitaficha, kusikia habari za watu. Kitini alikaa msichana ambaye mchana ule wakwe walikuwa wanamletea mahari. Nywele za upande mmoja zimeshanyooshwa, za upande wa pili zimesimama kama kichaka, umeme ukakatika.

Msusi akashika kichwa. "Yesu wangu! Wakwe watasema nini wakikuona hivi?"

Msichana akajitazama kwenye kioo, akacheka. "Dada, apana lia. Leta karanga, tungoje."

Umeme ukarudi. Pasi ya nywele ilipoanza kupata moto, ukaondoka tena. Msichana akaendelea kutafuna. Ulipofanya vile vile mara nyingine, akaomba kitambaa, akajifunga kichwa taratibu, akasimama. "Wanakuja kuniona mi, hawakuji kuona nywele."

Akaenda zake. Pembeni palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimtazama muda wote. Mimi nilimjua: shangazi wa bwana harusi, ambaye msichana mwenyewe hajawahi kukutana naye.

"Huyu tunamuchukua leo leo," akaninong'oneza, mkono kifuani kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mutoto wetu naye yuko kama huu umeme. Anakuja wakati anataka, anaenda bila kuaga."

Nilicheka hadi msusi akanikemea nitulize kichwa. Nyinyi vijana mnateseka bure na huu umeme. Sisi tuliolewa kabla haujafika mtaani. Ulipokuja na tabia zake, tulikuwa tumeshazoezwa na waume zetu.