Risasi gani inafaa kulungu wadogo? Yaliyonikuta kwenye shamba la maapple

Wakuu, habari za huko mliko.

Juzi mdau mmoja aliuliza humu kama risasi ya .223 (namba hizi ni upana wa risasi kwa inchi) inatosha kuwindia kulungu wadogo huku Uingereza. Nimesoma majibu yote. Mengine mazuri, mengine naona yameandikwa na watu waliojifunza kuwinda kwenye video.

Mimi nilipita hapo hapo alipo huyo mdau. Nitasimulia kama ilivyokuwa, siongezi chumvi, na pale nilipokuwa mbishi nitasema nilikuwa mbishi.

Kwanza mnijue. Ni mama wa mtoto mmoja, mzaliwa wa Songea, naishi Hayes, magharibi mwa London. Kazi yangu ni cargo pale airport. Najua kuna wanaoshangaa mwanamke na bunduki. Shangaeni kidogo, halafu tuendelee.

Kuwinda nilifundishwa na mzee mmoja Singasinga anaitwa Kuldip. Kazaliwa Arusha, kaja huku kijana, kafungua garage. Nilimpelekea gari langu lilipokuwa linagoma kuwaka, akasikia nabishana na simu kwa Kiswahili, akatoka chini ya gari akacheka: "Dada, hayo matusi sijayasikia tangu niondoke Arusha!"

Tukawa ndugu kuanzia siku ile. Namwita Uncle, ananiita Mama Neema, kwa jina la binti yangu.

Mkewe alikuwa ameshafariki, garage ameshamwachia mwanawe. Kilichobaki cha kumtoa nyumbani kilikuwa kuwinda. Alikuwa na ruhusa ya kuwinda kwenye shamba la maapple la mama mmoja mjane, Bi Margaret, huko Kent. Kulungu walikuwa wanamalizia miche yake, wanabandua magome mpaka mti unakauka.

Kwa wasiojua: huku kulungu ni wengi na kuwawinda ni halali, ila lazima uwe na leseni ya bunduki na ruhusa ya mwenye ardhi. Leseni si mchezo. Polisi walikuja nyumbani, wakakagua kabati la chuma, wakauliza maswali mpaka Neema akaniuliza, "Mum, are you in trouble?"

Sasa tuje kwenye risasi.

Pale shambani mnyama anayesumbua zaidi ni muntjac. Mfikirie digidigi aliyenenepa, mgongo umepinda kama anatafuta kitu alichoangusha. Sheria ya England inaruhusu kumpiga kwa .223. Lakini yupo na mwingine, roe, mrefu zaidi, mwenye miguu myembamba. Huyo naye watu humwita kulungu mdogo, ila sheria inataka risasi ya kuanzia .240 kwenda juu. Kwa hiyo wengi wanachukua .243, inawamaliza wote wawili. Wengine wanaruka moja kwa moja mpaka .308.

Uncle alinipeleka range, uwanja wa kujifunza shabaha, nijaribu. Ile .308 ilinipiga teke begani, risasi ya pili nikafumba macho kabla hata sijafyatua. Na ukishafumba macho umeshakosea, maana mnyama utamjeruhi, akimbie na risasi tumboni, akafie kichakani kwa mateso.

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko yote. Nyumbani niliwahi kumwona swala aliyejeruhiwa akijikokota, sikutaka mimi ndiye nimfanye mnyama hivyo.

.223 ilikuwa tulivu. Nafyatua na bado naiona shabaha kwenye kioo cha kulengea. Nikasema basi, nachukua hii.

Uncle hakupenda hata kidogo. "Mama Neema, chukua .243. Shambani hujui nani atatokea."

"Akitokea roe simpigi, Uncle. Mimi nafuata muntjac tu."

"Utajutia."

"Nitajutia kwa bunduki yangu."

Nikanunua .223. Ubishi huo.

Asubuhi yangu ya kwanza tulifika jua linachomoza. Ukungu ulikuwa chini kwenye nyasi, maapple yameiva, mengine yameanguka yananukia kama pombe. Tukatembea taratibu, Uncle mbele, mpaka kwenye kona ya uzio wa miti. Tukapiga magoti. Nikaegemeza bunduki kwenye fimbo tatu za Uncle za kuegemezea.

Hatukukaa sana. Kitu cha kahawia kikasogea kwenye majani.

Uncle akaninong'oneza, "Muntjac huyo. Amegeuka ubavu. Piga."

Nikaangalia kwenye kioo. Naona bega, naona sikio. Sikio refu mno.

"Sina uhakika, Uncle."

"Uhakika gani? Mimi nawajua hawa. Piga, anaondoka!"

Wakuu, jiwekeni pale. Mwalimu wako yuko pembeni, anajua kuliko wewe, anakwambia piga. Kidole kilikuwa bado hakijagusa trigger, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Mnyama akatembea hatua chache, akageuka, akanionyesha makalio. Meupe, na mkia hana. Muntjac ana mkia, akishtuka anausimamisha. Huyu alikuwa roe, mguu mrefu, shingo juu.

Nikarudisha kifungo cha usalama cha bunduki. "Ni roe. Kwa .223 ni kosa la jinai."

"Roe wapi? Muntjac mkubwa huyo!"

Roe alikuwa amesimama wazi kabisa kwenye nyasi. Hata Neema asiyejua kitu angemtofautisha. Nikamtazama Uncle usoni. Alikuwa amekunja macho, shingo ameitanguliza, kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali. Hakuwa anabisha. Alikuwa haoni.

Kabla sijapata la kusema, akashusha bunduki yake begani, akaigeuza kuelekea mistari ya miti upande wa pili.

"Basi huyu hapa mimi namchukua. Mdogo, chini ya mti ule."

Nikatupa macho. Ni kweli kulikuwa na kitu cha kahawia, kidogo, kimeinama.

Kilikuwa mbwa. Mbwa wa Bi Margaret, ananusa maapple yaliyoanguka. Na nyuma yake, katikati ya miti, koti la kijani la Bi Margaret mwenyewe. Kawaida asubuhi akijua tupo hatoki. Siku hiyo mbwa alimponyoka, naye akamfuata.

Sikunong'ona tena. Nilishika bunduki yake kwa mkono nikaisukuma ielekee chini, nikasema kwa sauti, "Uncle, huyo ni mbwa! Bi Margaret yuko nyuma yake!"

Roe akaruka akapotea. Bi Margaret akatupungia mkono kutoka kule, "Sorry! He got out!" Akamfunga mbwa kamba, akaondoka zake. Mpaka hapo hakujua chochote.

Uncle alitoa risasi kwenye chemba. Ikamdondoka kwenye nyasi, akawa anaipapasa. Ilikuwa karibu na goti lake. Nikaiokota mimi.

Tulirudi kwenye gari. Niliendesha mimi. Tumekaribia motorway ndipo akasema:

"Tangu mwaka jana. Kama vile kuna moshi. Nafuta miwani, moshi hauondoki."

"Umemwambia daktari?"

"Nikimwambia, polisi watachukua bunduki. Halafu nini, Mama Neema? Nikae niangalie TV na picha ya mama yao ukutani?"

Nikapunguza mwendo.

"Usimwambie mtu," akasema. "Nakuomba kama binti yangu."

Hapo ndipo ugumu ulipo wakuu. Mtu huyu alinipokea nikiwa sina ndugu mji mzima. Neema alipougua, yeye ndiye aliyetupeleka hospitali. Kumripoti polisi nilijiona kama msaliti. Kunyamaza, namwona Bi Margaret na koti lake la kijani.

Nikamwambia, "Uncle, funguo za kabati mpe mwanao leo, nikiwepo. Umweleze mwenyewe kilichotokea. Kisha nenda ukapime macho. Usipofanya hivyo, nitasema. Nitakwambia wewe kwanza, lakini nitasema."

Akageukia dirishani. Akabaki hivyo mpaka Hayes.

Tulipofika kwake aliingia ndani, akamwita mwanawe, akamkabidhi funguo. Akamsimulia kwa Kipunjabi, sikuelewa maneno, ila nilimwona kijana akikaa chini kwenye ngazi na mikono kichwani. Uncle hakuniaga.

Akaninyamazia. Napiga simu hapokei. Nikipita garage, mwanawe ananiambia kwa adabu, "Dad's resting." Nililia, sitaficha. Neema akaniambia, "You did the right thing, Mum," nikamjibu kwamba kufanya sawa hakuzuii kuumia.

Kisha jioni moja akanipigia mwenyewe. Bila salamu: "Ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Daktari anasema hutolewa kwa upasuaji."

"Mungu mkubwa, Uncle."

"Bunduki nimezipeleka kwenye duka la silaha wanitunzie. Polisi nimewaambia mwenyewe. Bi Margaret pia nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Alinifukuza. Halafu akaniita nirudi, akanipa chai."

Alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, baadaye la pili.

Na risasi je? Niliomba polisi wanibadilishie leseni, nikachukua .243. Kwa shamba lile Uncle alikuwa sahihi, wote wawili wanapita pale, na hakuna raha ya kumtazama roe anamaliza miche ya mtu na wewe umebeba bunduki isiyomhusu. Nilitafuta risasi isiyo na nguvu ya kupitiliza, nikaweka kizuia mlio ambacho kinapunguza teke pia, nikaenda range mpaka nikaacha kufumba macho. Ukilenga nyuma ya bega, juu ya moyo, hata muntjac nyama haiharibiki sana. Yule wa kwanza niliyempiga alianguka alipokuwa amesimama. Nilikaa pembeni yake muda, nikaweka mkono kwenye ubavu wake ungali wa moto. Sikushangilia. Nadhani siku nitakayoshangilia nitaacha.

Kwa hiyo mdau, jibu langu: kama una uhakika ni muntjac tu, .223 inatosha. Kama roe wapo, .243, na usikubali mtu akusukumie .308 kama inakufumba macho. Ila nilitumia muda mwingi kubishana juu ya risasi, na sikuwahi kujiuliza kama niliyekuwa nabishana naye anaona vizuri. Kabla ya bunduki, mjue mnyama, jua kilicho nyuma yake, na mwangalie vizuri mwenzako unayetoka naye.

Msimu wa maapple uliofuata nilikwenda na Uncle shambani. Hakubeba bunduki, alibeba darubini tu. Jua likatoka, akainua darubini, hakuishusha kwa muda mrefu. Nikadhani kaona kulungu, nikamuuliza yuko wapi.

"Hakuna kulungu," akasema. "Naangalia maapple. Mama Neema, kumbe ni mekundu hivi?"

Sikuwinda asubuhi ile.

Wawindaji mlioko huku na nyumbani, nyie mnatumia nini kwa wanyama wadogo? Na kuna aliyewahi kulazimika kumwambia mkubwa wake kwamba basi, imetosha? Ulimwambiaje? Niambieni, nitasoma yote.