Mubirizi wa Kibumba

Mama alikimbia kijiji chetu cha Kibumba vita vilipokaribia shamba letu, akaja kukaa kwangu mjini, Murara. Alifika na vikwembe viwili vya kujifunga na sufuria. Nilidhani atalilia mbuzi wake. Kumbe alichokitafuta kila asubuhi ni kijiti cha mubirizi, ule mti wa majani machungu uliozunguka ua wetu kule nyumbani.

Huko alikuwa anakata tawi jembamba, analiambua ganda, anatafuna ncha mpaka inachambuka kama brashi, kisha anasugua meno taratibu. Utotoni nilikaa kando yake na kijiti changu, nikitema mate machungu.

"Vumilia," aliniambia. "Uchungu wa muti unapita. Wa jino haupiti."

Mtaa wetu wa Murara ni mawe meusi ya volkano. Mama alizunguka huko na huko, akarudi mikono mitupu. Nikamnunulia brashi na dawa ya meno. Alizitumia siku chache, akaziweka kando.

"Hiki kinywa si changu," alisema.

Ufizi ulipomvimba, nikampeleka kwa daktari wa meno. Daktari alimulika kinywani, akashangaa.

"Mama, meno yako karibu yote yapo. Ulikuwa unasafisha na nini?"

Mama akamwambia. Daktari akaeleza kwamba miti michungu ya aina hiyo ina vitu vinavyodhoofisha vijidudu vya kinywani, vile vinavyokula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Lakini dawa ya meno nayo hukaza jino, asiiache.

"Sawa, docteur. Basi uniandikie mubirizi."

Daktari alicheka. Mama hakucheka. Tukiwa njiani alinishika mkono, kama zamani nikiwa mdogo.

"Mutoto wangu, kwako ni pazuri. Lakini nimechoka kuwa mugeni."

Barabara ilipotulia kidogo, alipanda lori la wauza kabichi akarudi. Nilimsihi abaki, wapi! Nikamfungia dawa ya meno katika mzigo wake.

Aliponipigia simu, alisema nyumba haina paa, wameifunika turubai.

"Na mubirizi?"

"Waliukata wakafanya kuni. Umechipuka tena."

Kisha nikasikia nyuzi za kijiti zikikatika katikati ya meno yake. Nilitaka kumuuliza atakuja lini kunisalimia. Lakini nikabaki nasikiliza, simu sikioni, mpaka uniti zake za kupiga zikaisha.