Neti ya Vifaranga

Trampolini yetu ilikuja Dodoma juu ya lori la mahindi. Mzungu wa mradi wa mifugo kule Mpwapwa alikuwa amemaliza mkataba, na vitu alivyoshindwa kubeba aliwaachia wenzake. Wengine walipata friji na majiko. Baba, aliyekuwa afisa mifugo, alipata duara la chuma lenye kitambaa cheusi kilichowambwa kwa springi, cha watoto kurukia. Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu ambavyo hatukujua kama tunavihitaji, lakini kile hakikuwapo hata madukani.

Ilikuja na nguzo zake, neti ndefu ya kuizungushia na sponji nene za kufunika springi na ukingo. Mimi nilikuwa mtoto wa kukagua ngazi kabla ya kushuka, na niliipenda ile neti kuliko kuruka kwenyewe.

Baba aliitazama kwa jicho jingine. Mwewe walikuwa wanatumalizia vifaranga.

"Hii ni ya banda la kuku," alisema, akiivuta kupima nguvu yake.

"Na hawa wakidondoka, baba watoto?" mama aliuliza.

"Wakidondoka watainuka. Hawa si vifaranga."

Tulicheka wote. Mama naye akazikata zile sponji, akazivalisha vitambaa, zikawa mito ya viti vya sebuleni. Wageni walizisifu sana.

Siku moja binamu yetu alikuja kututembelea kutoka Kibaigwa, mkubwa kuliko sisi na mnene. Mdogo wangu wa kike alipanda naye.

"Nirushe, bonge! Nirushe nipaone kwenu!"

Binamu akatua kwa uzito wake wote, na mdogo wangu akapaa. Alipita pale pale ambapo neti ingekuwa, akaangukia kiwiko kwenye ukingo wa chuma, kisha chini.

Baba aliupapasa ule mkono huku mtoto akipiga kelele. "Umeteguka tu. Ndama wangapi nimewanyoosha miguu mimi?" Akaufunga kwa vipande vya ubao na khanga ya mama. Tulipompeleka hospitali hatimaye, daktari alisema mfupa umeshaanza kuunga, na umeunga vibaya.

Sasa nimemaliza chuo, niko nyumbani nasubiri kazi, na muda wa kufikiri ninao mwingi mno. Nimejaribu kumtendea baba haki. Huenda angeumia hata ndani ya neti. Huenda kosa lilikuwa watoto wawili kuruka pamoja, au ubao na khanga, si chuma. Tukio lile nalipanga upya kila usiku, na kila nikilipanga naliona lile pengo, na mwili mdogo ukipita.

Tangu utotoni mdogo wangu alitaka uaskari. Wiki hii alikwenda kwenye usaili, wakasimamishwa mstari na kuambiwa wanyooshe mikono mbele.

"Wewe, nyoosha!"

"Nimenyoosha, afande."

Akatolewa mstarini. Alipotusimulia, baba alisema kazi ziko nyingi.

Jana tulipata mgeni, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na baba. Alizungushwa uani kabla ya chakula, akasimama mbele ya banda. Neti imeshonwashonwa, lakini ipo.

"Hii uliipata wapi, bwana?" aliuliza walipoingia ndani na kukaa kwenye ile mito, ambayo sasa imebonyea.

"Ya bure hiyo! Tangu niifunge, mwewe hajanichukulia hata kifaranga kimoja."

Mdogo wangu alipiga magoti kumnawisha mgeni. Mkono uliopinda ndio ulioshika jagi, na maji yakamwagikia nje ya beseni, kwenye suruali ya mgeni.

"Nyoosha mkono, mama," baba alimwambia. "Utamlowesha mzee."