Fundi Mistari na Baiskeli Isiyopandwa

Kama kuna mtu anayezijua baiskeli za mji ule, basi ni Fundi Mistari. Zote kazilaza chini mwenyewe: anaweka bati lililokatwa umbo la baiskeli juu ya lami, anapaka rangi nyeupe, ananyanyua bati, anasogea mbele. Ni kazi ya halmashauri, na ameifanya mpaka magoti yameota sugu. Kila asubuhi anatoka nyumbani na baiskeli yake, debe la rangi limefungwa kwenye keria, anaikokota taratibu. Jioni anarudi vilevile, anaikokota.

Kuna aliyewahi kumwona juu yake? Thubutu! Ukimuuliza asubuhi, rangi itamwagika. Ukimuuliza jioni, debe likiwa tupu, tairi halina upepo. Ukweli wenyewe, tuambiane tu, Fundi Mistari hajui kuendesha baiskeli.

Hilo lisingekuwa shida kama si mdomo wake. Alipokuwa anamchumbia mkewe, binti mshonaji mwenye macho ya kucheka, alijigamba kwamba yeye huendesha ameachia mikono yote miwili. "Tukishaoana nitakupakia nyuma tuzunguke mji mzima, watu watuonee wivu." Binti wa watu akaamini. Akashona kimto cha maua cha kuweka kwenye keria asiumie, akakitundika nyuma ya mlango wa nyumba yao mpya.

Hapo ndipo bwana harusi alipoanza kupiga chenga. "Mke wangu, barabara hii hata mstari haina. Lori likitupitia je?" Sawa, mke akasubiri. Halmashauri ikaagiza mstari uchorwe, na aliyeuchora ni nani kama si yeye? Jioni ileile akarudi na maneno mengine: "Ule ni mstari tu, mama. Nimeupaka mwenyewe, naujua. Lori haliogopi rangi." Zikaja nguzo za plastiki, zikapangwa kando ya mstari. "Zile zinalala hata ukizigusa kwa kiwiko." Ikajengwa njia ya kuchangia na waenda kwa miguu, kule bustanini. "Tutagonga wazee wa watu, tulaaniwe bure." Jamani! Halmashauri inajenga, huyu anabomoa kwa mdomo. Mkewe alikikung'uta kimto vumbi, akakirudisha kwenye msumari wake.

Mwaka huu sijui ofisi ya mipango iliingiwa na nini. Wakajenga njia ya baiskeli peke yake, imeinuliwa, ina ukingo wa zege upande wa magari na taa yake ya kuvukia. Na ikapita wapi? Mbele ya mlango wa Fundi Mistari. Akapangiwa yeye kuipaka. Aliipaka polepole kama mtu anayejichimbia kaburi, na mchoro wa mwisho ukaangukia chini ya dirisha la cherehani.

Aliponyanyua bati, mlango ukafunguka. Mkewe alikuwa amevaa gauni la kutokea, kimto mkononi.

"Haya, baba watoto. Twende."

"Rangi bado mbichi, mama."

"Tutaikwepa."

"Na zege... zege lile halijakomaa."

"Zege lina miezi hapo. Sema lingine."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na bado bwana mkubwa akataka kujikaza. Akashika usukani, akameza mate, akarusha mguu, akakanyaga pedeli. Baiskeli ikamtupa palepale juu ya mchoro mbichi. Alipoinuka, gurudumu zima jeupe lilikuwa limehamia makalioni mwake.

Mkewe hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha.

"Hujui kuendesha," alisema taratibu.

"Sijui. Sijawahi kujua. Niliogopa ungemchukua mwingine anayejua."

Mkewe akakaa juu ya ukingo wa zege, machozi yakimlengalenga. "Wewe mwanamume wewe! Miaka yote hii nilidhani ni mimi. Nilidhani nimenenepa, unaona aibu kunipakia watu wakiona. Kwani hujaona kwamba mezani siongezi chakula tangu nimzae kifungua mimba wetu?"

Alikuwa ameona. Alidhani mwenzake hana njaa. Fundi Mistari akaketi kando yake na rangi yake yote. Uongo aliudhani mdogo, wa kujilindia heshima tu, kumbe aliyekuwa akiubeba ni mkewe.

"Nisamehe, mke wangu. Kwa kweli nisamehe."

Mkewe akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaitazama ile baiskeli. "Debe la rangi limewahi kukumwagikia njiani?"

"Hata tone."

"Basi nikokote."

Akafunga kimto kwenye keria, akakaa upande, akashikilia tandiko. Fundi Mistari akashika usukani, wakaanza safari katikati ya njia mpya, yeye na gurudumu lake jeupe makalioni. Hawakufika mbali, kengele ikalia nyuma yao.

"Mzee, hii njia ya baiskeli!"

"Kwani hii unaona ni nini, kitanda?" mkewe akajibu bila kugeuka.

Wakafika mpaka kwenye taa, wakavuka, wakaenda mpaka njia ilipoishia, wakageuza. Usiku walipokuwa wanakula, mkewe alimaliza chakula chake, akaisukuma sahani mbele ya mumewe.

"Niongezee," alisema.