Taa ya Injini kwenye Kona ya Tangi

Wifi yangu ni fundi umeme wa magari. Alianza na pasi na redio za majirani, akapanda hadi kwenye injini, na jina la Bi Taratibu nilimpa mimi, tena kwa kejeli. Mtu gani anakunja kitambaa cha kufutia grisi kama shuka la hospitali? Kila kifaa chake kina mahali pake ukutani, na ukikirudisha kusiko utakiona cha mtema kuni. Mimi ni mkunga, nina haraka zangu. Gari langu liliposumbua sikumpelekea yeye, niliwapelekea wenye mbio.

Lilikuwa linazima likipanda mlima. Si popote, ni kwenye kona ya tangi la maji, nusu ya njia kutoka bondeni ninakozalisha hadi hospitali iliyo juu. Taa ya injini inawaka, injini inakata, nasubiri lipoe, kisha linawaka kana kwamba halikufanya lolote. Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake akaniambia, "Mama, gari lina kodi." Nikamjibu kodi zote nimelipa. Kumbe alimaanisha namba ya hitilafu, na namba ilitaja sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta injini inazungukaje. Akabadilisha sensa. Baada ya wiki taa ikarudi. Wa pili akabadilisha tena, ikarudi. Wa tatu akanifundisha kuifuta namba mwenyewe, nami nikawa naifuta kila asubuhi kabla sijanawa uso.

Kisha likanizimikia nikiwa na mama mwenye uchungu. Mtoto akazaliwa palepale kando ya tangi, kwenye kiti cha nyuma, amelegea, hana sauti. Nilimpulizia pumzi hadi midomo ikafa ganzi ndipo akalia. Yeye akapona, mimi sikupona. Bondeni nilikuwa na mama mwingine mwenye mimba ya mapacha, aliyewahi kupasuliwa, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Huyo akikwama kwenye kona ile, pumzi zangu zisingemsaidia kitu.

Nikameza kiburi, nikaenda kwa wifi.

"Leo umepotea njia?" akaniuliza bila kuinua macho.

"Wifi, utanisimanga baadaye. Hili gari litaniulia watu."

Hakuchomeka mashine. Alivuta stuli, akafungua daftari. Linazima baada ya dakika ngapi? Likiwa na mzigo au tupu? Linatetemeka kwanza, au linakata ghafla? Nani alilifungua mara ya mwisho, na alifungua nini? Maswali yangu hayo! Ndivyo ninavyomuuliza mama mwenye uchungu: umeanza lini, unakuja kila baada ya muda gani, unaanzia wapi. Sikuwahi kudhani chuma nacho huulizwa.

"Lilibadilishwa klachi," nikasema, "mwezi mmoja kabla halijaanza."

Akaandika. "Sasa wifi, ile namba inakwambia nani kalalamika. Haikwambii nani kakosa. Sensa imepiga yowe la kuomba msaada, nyinyi mmeichinja mara mbili."

Akaliwasha gari, akaliacha liungurume mpaka likapata moto sawasawa. Kisha akaingiza mkono nyuma ya injini, akafumba macho, akaanza kuzifuata nyaya kwa vidole. Anasukuma kidogo, anatulia, anasikiliza, anasogea tena. Karibu saa nzima. Mimi na haraka zangu sikuthubutu hata kukohoa. Vidole vile nilivijua, maana ndivyo vyangu vinavyotembea juu ya tumbo kutafuta mgongo wa mtoto.

Injini ikakata.

"Huyu hapa," akasema polepole.

Aliyebadilisha klachi alisahau kurudisha kibanio kimoja cha waya, kidogo kama ukucha. Waya ukilainishwa na joto, na injini ikiegemea nyuma mlimani, unagusa chuma. Chuma kilikuwa kimeula taratibu mpaka shaba ikachungulia, mstari mwembamba kama unywele. Kwa unywele huo nusura mtoto afe. Nilisimama pale machozi yananitoka, si ya huzuni. Nilishangaa tu kwamba mkono wa mtu unaweza kuona namna ile.

Alitengeneza, akaweka kibanio, akakataa kunipa ufunguo. Siku tatu alilipandisha mlima mwenyewe, asubuhi na jioni. Siku ya nne simu ikalia kutoka bondeni.

"Endesha wewe," nikamwambia.

Mimi nilikaa nyuma, kiganja kwenye tumbo la yule mama, karibu na kovu lake. Wifi alishika usukani kwa mkono mmoja, mwingine akaulaza juu ya dashibodi. Kona ya tangi ilipotokea, uchungu nao ukaja. Mama akaning'ang'ania mkono. Nilihesabu moyoni, macho kwenye ile taa, hadi tangi likabaki nyuma yetu na tumbo likalegea chini ya kiganja changu.

Mapacha walitolewa kabla ya adhuhuri. Nilichungulia dirishani kuelekea uwanja wa magari, nikamwona wifi ameinua boneti, mkono umezama nyuma ya injini, anaupapasa ule waya.

"Bi Taratibu!" nikamwita, na safari hii haikuwa kejeli. "Wote wawili wanalia!"

Hakuutoa mkono.

"Nawasikia," akasema.